Shimo la Gurudumu la Mkia

Kunguruma si kupanda. Bibi Sangiwa alimtupia maneno hayo fundi mmoja wa karakana aliyekuwa akisifia pampu mpya ambayo haijapandisha maji hata ndoo moja. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi walicheka, kisha wakauliza maneno hayo yametoka wapi. Bibi akafuta mikono, akaketi juu ya tairi.

Methali hii ina mwenyewe, akasema, na chanzo chake ni hiki.

Chini ya milima ya Upare, kwenye shamba la mkonge lililoachwa, aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa na stashahada ya ufundi wa mitambo ya ndege na alifundisha chuoni miaka kumi na miwili. Alipostaafu, yeye na mwanawe wa pekee, Mbonea, walianza kuunda ndege ndogo ya viti viwili ndani ya ghala la zamani la katani. Mbonea alikuwa rubani wa watalii huko Arusha. Kila likizo alikuja kugonga ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, na mama yake. Wakafanya hivyo miaka mitano.

Mfumo wa mafuta aliufunga Nakijwa mwenyewe. Tangi lilikaa nyuma ya injini, mbele ya magoti ya rubani, na petroli ilishuka yenyewe kwa bomba mpaka kwenye kabureta, kifaa kinachoilisha injini. Pampu haikuwepo. Kila kitu kilitegemea tangi kuwa juu kuliko kabureta. Sasa, ndege ikiinua pua, kabureta nayo huinuka, tofauti ile ya kimo hupungua, na petroli hushuka kwa uvivu. Ndiyo maana waundaji huchimba shimo la gurudumu la mkia. Mkia hushushwa humo hadi pua itazame juu kama inavyotazama wakati wa kupaa, kisha bomba hufunguliwa na mafuta yanayotoka hupimwa kwa dakika. Nakijwa alilisisitiza jambo hilo darasani mpaka wanafunzi wakamwita Mwalimu Shimo.

Shimo walilichimba Jumamosi. Usiku ikanyesha. Jumapili asubuhi walikuta kingo zimeporomoka na maji yamejaa mpaka juu. Kiondo, mdogo wake Nakijwa, alisimama pale na koleo begani.

"Dada, hili sasa ni bwawa la samaki."

"Chimba jingine, pale penye changarawe."

"Hapo ni kazi ya siku nzima. Na watu wameshaanza kuja kuiona ikiruka. Au unataka kuizika kabla haijaruka?"

Mbonea alikuwa akifuta kioo. "Mama, kesho narudi kazini. Mvua zikishika, uwanja huu wa kurukia hautakauka mpaka Juni. Tuipime ilivyosimama. Bomba umelifunga wewe, nani ana wasiwasi nalo?"

"Mimi."

"Wewe una wasiwasi hata na chai."

Kiondo alicheka. Nakijwa naye akatabasamu, na hapo ndipo alipokosea. Aliangalia wingu juu ya mlima, akamwangalia mwanawe, akaona miaka mitano imesimama mlangoni ikisubiri neno lake. "Haya," alisema. "Tuipime ilivyosimama."

Tangi lilikuwa na robo tu ili ndege iwe nyepesi. Alifungua bomba, akashika saa. Chupa ilijaa lita moja kwa dakika mbili kasoro. Injini ilihitaji nusu lita kwa dakika, chini kidogo ya hapo. Akaandika daftarini: imepimwa. Walifunga mkia kwa kamba kwenye kigingi cha chuma, wakaweka magogo mbele ya magurudumu, na Kiondo akasimama na mtungi wa kuzimia moto. Mbonea akawasha, akasukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Injini ilinguruma dakika kumi bila kukohoa. Vumbi la katani lilitimka kutoka kwenye kuta za ghala. Wanawake walipiga vigelegele, na wazee waliowahi kufanya kazi shambani humo wakavua kofia.

Kamba ikafunguliwa.

Ndege ilipaa juu ya mistari ya mkonge, pua juu. Nakijwa alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Alipofika ishirini na sita, injini ilikohoa. Thelathini, ikazimika. Mbonea alishusha pua haraka, kama rubani yeyote aliyefundishwa vizuri, na pua iliposhuka petroli ilirudi, injini ikanguruma tena kwa nguvu zote. Lakini alikuwa chini mno. Ilikuwa bado inanguruma ilipoingia kwenye mkonge.

Moto haukuwaka. Nakijwa alifika na mtungi mikononi, akakuta hakuna cha kuzima. Mbonea alikata roho kabla gari halijapatikana.

Siku ya tatu ya msiba, waombolezaji walimwona Nakijwa akitoka ndani. Alikwenda ghalani. Tangi lilikuwa limetolewa mkongeni bila kupasuka, na bomba lake likiwa zima. Aliviegemeza juu ya mbao kwa mteremko uleule wa kupaa, akamimina petroli robo ya tangi, akafungua, akashika saa. Kiondo na watu wengine walimfuata, wakasimama mlangoni.

Dakika ilipoisha, chupa ilikuwa na robo lita. Akaimwaga, akapima tena. Robo lita. Akapima mara ya tatu.

Kiondo akamshika bega. "Dada, usijitese. Hukukosea kitu. Sisi sote tulikuwepo, tuliisikia kwa masikio yetu. Ilinguruma vizuri mno."

Nakijwa hakumtazama. "Kunguruma si kupanda, Kiondo," alisema, akairudisha chupa chini ya bomba.

Walimwacha pale, na kila mmoja akarudi kwao na maneno yale kwa sababu hakuwa na mengine. Miaka ilipita. Nakijwa hakuunda kitu tena, wala hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba jambo lile limepita. Maneno yake ndiyo yaliyotembea. Yalifika kwenye mashine za kusaga, kwenye gereji, kwenye nyumba za watu waliokuwa wakiposa na kuposwa.

Bibi Sangiwa akainuka kutoka kwenye tairi.

"Chombo kikikupendeza kikiwa kimesimama," alisema, "bado hujakijua. Mama yule alilijua hilo kuliko sisi sote, akalipuuza asubuhi moja tu. Kunguruma si kupanda."