Mapipa Yaliyoshuka Ighuka

"Agawaye oili chafu hateki kisimani kwako." Mmemsikia mjumbe akimtupia neno hilo yule mgeni mwenye lori, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Limetoka hapa hapa Ighuka, na siku lilipozaliwa hakuna aliyecheka.

Kampuni ilipokuja kusimamisha mitambo ya upepo kilimani, iliapa mbele ya mkutano. Kila mtambo una giaboksi, sanduku la gia, huko juu, na oili yake huchakaa. Walisema haitamwagwa wala kuchomwa: itachujwa, itapashwa moto maji yatoke, itatiwa dawa, irudi kulainisha gia zile zile. Tukapiga makofi. Na jambo lenyewe linawezekana, msidanganywe. Oili huchafuka, haifi. Ila karakana ya kuisafisha haikujengwa. Mapipa yakajaa uani kwao, ndipo Bwana Kiwelu, msimamizi wao, alipoingiwa na ukarimu.

Kisima chetu wakati huo kilishikiliwa na magogo ya mgunga, na mchwa waliyatafuna. Kila kiangazi wanaume walikata mapya. Kisima alikichimba marehemu Ntandu. Mjane wake, Mama Ntandu, ndiye aliyekitunza.

"Chukueni, ni zawadi," Kiwelu alisema, mapipa yakiteremshwa. "Pakeni magogo yenu. Mchwa hawatagusa."

"Si mlisema mtaisafisha?" Mama Ntandu akauliza.

"Mama, kusafisha ni kazi ndefu."

Wanaume wakaangua kicheko. "Shemeji, unagombana na cha bure? Au shoka utashika wewe?"

Mgongo uliochoka hausikii hoja. Walimzonga mpaka akakubali. Magogo yakapakwa juu hadi chini, na kweli, mchwa hawakugusa.

Masika yakaja, maji yakapanda hadi kwenye magogo. Utando wa rangi rangi ukatanda juu yake. Mbuzi walinusa wakageuka. Sisi hatukuwa na pa kugeukia, tulikunywa. Watoto wakaanza kutapika, nyumba hii, kisha ile.

Kiwelu akaitwa. Alisimama ukingoni, akasema ni mafuta kidogo tu, hayadhuru. Mama Ntandu akateka, akamnyooshea kata kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

"Karibu maji, baba."

"Asante, mama. Nina yangu kwenye gari."

Mama Ntandu hakupiga kelele. Aliyamwaga yale maji miguuni pake mwenyewe, akatugeukia sisi wala si yeye.

"Mmemwona? Agawaye hateki."

Akaenda kuleta jembe. Tulimsaidia kukifukia kisima cha mumewe, naye akitupa udongo bila kutazama ndani. Magogo yamo humo mpaka leo, mazima. Maji tunayafuata ng'ambo ya kilima, tukipita chini ya mapanga yale yanayozunguka. Kiwelu alihamishwa, nasikia alipandishwa cheo.

Basi mtu akija na zawadi yenye harufu, msimuulize bei. Muulizeni anakunywa wapi. Agawaye oili chafu hateki kisimani kwako.