Fisi na Nderemo za Harusi ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama bado walialikana harusini, palikuwa na Fisi mmoja aliyesifika kwa kujua kila kitu. Sifa hiyo alijipa mwenyewe. Hujamaliza kumtajia jambo, keshasema, "Hilo nalijua tangu sijaota jino."

Siku moja aliketi mlangoni kwa Bi Pimbi tangu alfajiri. Pango lilikuwa na tundu moja tu, na ndani mlikuwa na mama mtu na wanawe watatu. Fisi hakuweza kupenya, lakini alijua njaa itawatoa. Akangoja, mate yakimchuruzika.

Jua lilipopanda, Bi Pimbi alimwamkia kwa adabu kutoka ndani, akamuuliza mbona hakwenda bondeni, na akina Nyati wanaoza binti yao. Fisi akajibu kwamba harusi za wala majani hazina kitu cha kutia mdomoni.

"Ni kweli, Bwana Fisi," akasema Bi Pimbi. "Ila leo kutakuwa na nderemo."

Neno hilo Fisi hakuwahi kulisikia. Lakini amuulize maana kiumbe anayeenea kibuyuni? Afadhali afe.

"Nderemo," akasema polepole. "Naam. Zile zenye mafuta."

Bi Pimbi akajibu kwa upole, "Hizo hizo. Na mjuzi kama wewe sina haja ya kukwambia kwamba anayechelewa hukuta zimekwisha."

Fisi akatoka mbio, hata hakuaga.

Bondeni aliwakuta Nyati mia wamejipanga. Akasimama katikati, akakohoa, akataka apewe nderemo zote, asibakiziwe mtu. Nyati wakatazamana. Tangu waanze kuoza mabinti, hawakuwahi kupata mgeni mwenye furaha kiasi hicho. Mzee wao machozi yakamlengalenga.

"Mgeni ameomba nderemo," akawaambia wenzake. "Tusimpunje."

Ngoma ikalia ndu, ndu, ndu. Vigelegele vikapaa, vifijo na hoihoi vikatikisa bonde, na Nyati mia wakamzunguka wakicheza, kwato tim, tim, tim, vumbi likafunika jua. Kila Fisi alipojaribu kuchomoka, walidhani anacheza, wakamrudisha kati kwa pembe, kwa mapenzi tele. Hapo ndipo alipoelewa, ubavu baada ya ubavu, kwamba nderemo si nyama, ni makelele ya furaha.

Alasiri alipita pangoni akichechemea. Tundu lilikuwa tupu. Bi Pimbi na wanawe walikuwa juu ya jabali refu, wanaota jua.

Nyumbani mkewe akamuuliza alikokuwa. Akasema alikwenda harusini kula nderemo.

"Zilikuwa tamu?"

Fisi akalamba jeraha. "Tamu," akasema, "ila walizidisha chumvi."

Basi, wanangu, anayeona haya kuuliza maana ya neno hufundishwa na kwato.