Fisi na Ardhi Inayovimba

Mwaka huo jua liliwaka hata mbu wakahama. Dunia yote ya wanyama hawa ilikuwa kilima kimoja tu, na chini yake kidimbwi chenye maji ya kugombaniwa. Mfalme Simba akaugawa ukingo wa kidimbwi kwa mawe, kila mnyama na sehemu yake ya kunywea. Kazi ya kulinda mawe akampa nani? Akampa Fisi. Msinitazame mimi, aliyempa ni Simba.

Wiki haikwisha, Digidigi akafika barazani analia.

"Mfalme, sehemu yangu imebaki upana wa kwato mbili. Jirani yangu Fisi anaoga kabisa! Maziwa yananikauka, mwanangu hajashiba tangu juzi."

"Mawe sijayagusa," Fisi akasema. "Ardhi inatanuka yenyewe. Inavimba kama andazi! Kautazameni ufa wa mashariki, kila siku unaongezeka upana."

Wakaenda, na kweli ufa wakauona. Simba akatunisha kifua. "Kumbe ufalme wangu unakua! Nilijua tu."

Digidigi akakata tamaa. Nani angethubutu kumwambia Simba kwamba ufalme wake haukui?

Sungura akainama kwa adabu zote. "Hongera, Mfalme. Basi tusimpunje aliyegundua. Fisi amwachie Digidigi ukingo wote alionao sasa, naye Fisi achukue ardhi mpya yote iliyoongezeka."

"Yote?" Mate yakamtoka Fisi.

"Yote."

"Nakubali! Nyote mashahidi!"

Simba akapiga mguu chini, ikawa sheria.

Ikabaki kupima. Hiyo ni kazi ya Mzee Kobe, ambaye kila mwaka hukizunguka kilima akihesabu hatua, kama alivyofanya baba yake. Akiwa anahesabu, hata salamu haitikii. Siku ya nne akarudi, vumbi tupu.

"Elfu tisa na kumi na mbili."

"Na mwaka jana?" Simba akauliza.

"Elfu tisa na kumi na mbili. Na mwaka aliponipeleka baba mara ya kwanza, hivyo hivyo."

"Na ufa je?" Fisi akafoka.

"Ufa upo. Lakini kule magharibi ardhi inajikunja na kuingia chini ya mwamba. Kichuguu nilichozoea kupumzikia kimeshamezwa nusu. Kinachofunguka huku kinamezwa kule."

"Aa, mzee naye amekua! Hatua zake zimerefuka!" Fisi akadakia.

"Kama kila kitu kinakua," Sungura akasema, "sehemu ya Digidigi nayo ingekua. Mbona hiyo peke yake imenywea?"

Wanyama wakaangua kicheko. Simba alinuna kidogo, maana ufalme ulikuwa umerudi ukubwa wake, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe. "Fisi, nenda kwenye ardhi yako mpya."

"Iko wapi?"

"Ipo, Bwana Fisi," Sungura akamjibu. "Inaanzia Mzee Kobe alipomalizia kuhesabu mwaka jana, inaishia alipomalizia mwaka huu. Jinafasi!"

Jioni Fisi akapiga hodi kwa Digidigi kuomba maji. Hakunyimwa. Aliambiwa tu asubiri mtoto ashibe kwanza, na mtoto yule, masikini, alikuwa na njaa ya siku nyingi.