Dakika Sifuri za Nakiete

Hii nimeletewa na shangazi yangu, naye aliletewa na mtu wa kwaya yao. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee mzazi mwenzako anayehangaika na mtoto na simu.

Palikuwa na bwana mmoja pale Morogoro aitwaye Mbonea, mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na kuzika mawe ya mpaka ili kusiwe na ubishi. Nje ya hapo mambo mengi yalimchanganya, na simu ndizo zilizoongoza.

Mbonea alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na mmoja aitwaye Nakiete. Alimpa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi kwao Upareni. Mama mwenyewe alikuwa hai, akiishi peke yake kule milimani Usangi, na mwaka uliopita mwanawe alikuwa amemnunulia simu nzuri ya kioo ili wawe wanaonana sura.

Sasa, kila siku saa kumi na moja jioni, binti alikuwa akichukua simu ya zamani ya baba yake, aliyopewa na kuandikishwa kwa jina lake, na kwenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Huko anaongea kwa sauti ya chini na kucheka. Baba akitokea, anageuza kioo upande wa pili. Mbonea alikuwa akimchungulia dirishani, kwa sababu alishasikia mengi juu ya watu wasiojulikana wanaozungumza na watoto kwenye simu. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Kwenye kikao cha shule mwalimu wa darasa akasema, "Wazazi, zipo programu za kumwekea mtoto muda wa kutumia simu. Chagueni moja mnayoiweza."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumwuma. Aliuliza kwenye kundi la wazazi, na majibu yakamiminika. Mmoja akasema chukua ile yenye picha ya kufuli. Mwingine akasema hiyo ya kufuli watoto wanaifungua huku wanapiga mswaki, bora ya mwavuli. Wa tatu akasema ya mwavuli inakula chaji, yeye anatumia ya kobe. Mzazi mmoja akatuma ratiba ya mfungo wa siku saba, mpaka leo haijulikani kama alikuwa anashauri au alikosea kundi.

"Baba Nakiete," mkewe akamwambia, "kwani umemwuliza mtoto anafanya nini na hiyo simu?"

"Ataniambia ukweli?"

"Hujamwuliza. Umejuaje?"

Mbonea akachukua simu yake. Alichagua ya mwavuli, kwa sababu kati ya vyote vile mwavuli ndicho kitu alichokielewa.

Programu ikamwambia: Chagua simu ya mtoto. Zikatokea simu zote alizowahi kuzisajili kwa akaunti yake. Ya kwanza imeandikwa Nakiete. Ya pili nayo imeandikwa Nakiete.

"Mashine hii inajirudia," akanung'unika, akabonyeza ya juu. Akaweka dakika thelathini kwa siku, akalala kwa amani.

Kesho yake jioni binti alikuwa nyuma ya tangi na simu yake, saa nzima na robo. Mbonea akafungua programu. Ikamwambia: Nakiete ametumia dakika thelathini tu.

Akatazama dirishani. Binti yule pale, kioo kinamwakia usoni. Akatazama programu. Dakika thelathini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Amepata njia ya kuizunguka," akamwambia mkewe. "Watoto wa siku hizi ni wajanja!"

Siku ya tatu akakaza. Akabonyeza palipoandikwa: Funga vyote, pamoja na kupiga na kupokea. Jioni ripoti ikaja: Nakiete ametumia dakika sifuri. Nakiete amejaribu kufungua simu mara arobaini na moja.

Mbonea akafurahi. Lakini alipotoka nje alimkuta binti na simu ileile, inawaka ileile, isipokuwa hacheki tena. Anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena. Machozi yanamlengalenga.

"Baba," akauliza, "bibi ni mzima?"

"Mzima. Usinibadilishie mazungumzo. Simu hiyo umeifunguaje?"

"Haijawahi kufungwa, baba."

Mbonea akarudi ndani kichwa kinazunguka. Akaandika kwenye kundi: mtoto wangu simu imefungwa lakini inafanya kazi, na analia. Wakamjibu kwamba kulia ni dalili nzuri, akaze hapohapo, wiki ya pili atazoea.

Jumapili alimpigia mama yake baada ya kanisa, kama kawaida yake. Hakupatikana. Akasema moyoni, ni mtandao wa milimani, mvua ikinyesha kule unakufa. Jumatatu pia hakupatikana. Usingizi ukaanza kumpaa, na bado kila jioni ripoti ilimpongeza: dakika sifuri.

Jumanne saa kumi jioni geti likagongwa. Mbonea akafungua, akakuta mama yake amesimama na furushi la ndizi, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mama ambaye basi humtapisha, na aliyeapa hatashuka tena mlimani mpaka harusi ya mjukuu.

"Mama! Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimekuja kwako wewe mpimaji unisaidie, maana mimi nimeshindwa kuelewa." Akatoa simu yake kwenye fundo la kanga, akaiwasha, akaisogeza mbali na macho. Kisha akasoma, akiweka kidole chini ya kila neno. "Mu-da wa-ko u-me-kwi-sha. Mwo-mbe mza-zi wa-ko ru-hu-sa."

Akainua uso.

"Sasa niambie, mwanangu. Wazazi wangu niliwazika wote wawili, na siku ya babu yako msalaba uliubeba wewe. Huyo mzazi ninayetakiwa kumwomba ruhusa ni nani?"

Mbonea alichukua ile simu, akayasoma maneno yale mwenyewe. Alikumbuka siku ya kuinunua. Muuzaji alimwuliza jina la mwenye simu, akalitaja mara moja, kisha hakulitaja tena, maana kwao mtu hamwiti mama yake kwa jina. Kwenye namba zake alikuwa amemwandika Mama, basi. Wiki nzima alikuwa amezika jiwe la mpaka kwenye kiwanja kisicho chake.

Lakini kuna jambo jingine lililomchanganya zaidi.

"Mama," akasema taratibu, "maneno hayo nani amekusomea?"

Mama akatazama chini. Miaka yote, barua ikija, miwani ilikuwa imesahaulika ndani. Fomu ya hospitali ikija, mwanga ulikuwa hautoshi. Mbonea alishamnunulia miwani mara tatu kabla hajaelewa kwamba mama hakujua kusoma.

"Nimesoma mwenyewe," mama akasema. "Hilo neno la mwisho lilinichukua siku mbili."

Kumbe binti alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alimkimbilia bibi yake, akamkumbatia kiunoni, akalia kwa sauti. "Bibi, nilidhani umekufa! Kila saa kumi na moja nilikuwa napiga!"

"Mwalimu wangu huyo," mama akamwambia Mbonea. "Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie. Nilitaka Krismasi nikusomee zaburi, nikuone utakavyoshangaa."

Mbonea alikaa chini palepale kwenye ngazi. Alitaka kucheka, akalia. Aliona aibu mbele ya mama yake na aibu mbele ya mtoto, na hakujua aanze kuomba radhi kwa nani.

Akaifungua simu ya mama. Kisha, kwa mara ya kwanza, akauliza swali ambalo mkewe alimwambia aliulize tangu mwanzo.

"Nakiete, huwa unafanya nini na simu?"

"Namfundisha bibi," binti akajibu. Akafikiri kidogo. "Halafu tukimaliza naangalia katuni. Wakati mwingine nyingi."

Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Jioni ileile wakakaa wote wanne na kukubaliana: saa moja ya kumsomesha bibi haiguswi, katuni nusu saa, na simu inalala kabatini. Programu ya mwavuli iliwekwa upya, safari hii kwenye simu yenyewe, na aliyeiweka ni binti, baba akishika miwani yake na kuuliza kila hatua hapa tunafunga nini.

Funzo: Mzazi mwenzangu, kabla hujachagua cha kumfungia mtoto, kaa naye umwulize na umsikilize, usije ukafunga jambo jema kwa kuogopa usilolijua.