Kwa Nini Inaya Husimama Bila Kibuyu

Haya, sogeeni. Nikiwaita mwitike, nikinyamaza msisinzie, na hiyo kalamu nyekundu ya mwalimu iacheni ipumzike kwanza. Mnanuna kwamba Kiingereza kimejaa herufi kubwa zisizo na sababu. Sababu ipo. Ilianzia kisimani.

Zamani, kabla herufi hazijajua kusimama, zilikuwa watu wa kijiji kimoja kiitwacho Mstarini. Kiliitwa hivyo kwa kuwa wote walikaa juu ya mstari mmoja mrefu, bega kwa bega, mchana kutwa. Kazi yao ilikuwa kubeba maneno ya Waingereza. Mtu akiwa na la kusema, waliohitajika walijipanga wakakaa, msomaji akapita akasoma. Chakula chao kilikuwa wino, na wino waliuchota katika kisima kimoja tu.

Mstarini kulikuwa na sheria kuu: hakuna kusimama, hata kisimani ni kujikokota. Anayesimama anajiona, walisema. Basi mkubwa akakaa, mdogo akakaa, na vurugu ikakaa pamoja nao. Habari imeanzia wapi, hakuna ajuaye. Jina la mtu lilijificha kati ya maneno mengine kama kokoto ndani ya mchele. Mwaka mmoja watu walialikwa harusini siku ya Ijumaa, lakini hiyo Ijumaa ilikaa kimya katikati ya mwaliko, wala hakuna aliyeiona. Waliowahi wakakuta mlango umefungwa, na waliochelewa wakamkuta bibi harusi ameshazoea kumpikia mumewe. Wakalaumiana weee, kisha wakarudi kukaa.

Katika kijiji hicho aliishi Inaya, ambaye nyinyi mnamwita herufi i. Alikuwa mwembamba kama njiti, na kichwani hakukosa kibuyu kidogo cha wino, ndiyo hiyo nukta mnayoiona. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Jabu, herufi j, naye ana kibuyu chake, ila mguu wake ulikuwa mrefu ukaning'inia chini ya mstari. Jabu ndiye aliyekuwa mlinzi wa kisima. Inaya alikuwa na kazi moja aliyoichukia. Waingereza wakitaka kusema "mimi", walimtuma yeye peke yake, bila mwenzake wa kumshika mkono. Alikaa pale katikati ya maneno marefu marefu, watu wakampita wakidhani ni doa.

Asubuhi moja ikazuka kelele. Kisima kimekauka! Kawa ya kukifunikia ilikutwa kando, jua la jana limeufyonza wino wote, na chini umebaki utando mweusi uliopasukapasuka. Wazee wakaitisha baraza palepale. Mlinzi ni nani? Jabu. Basi Jabu ndiye aliyekiacha wazi. Na katika kijiji cha herufi, anayewanyima wenzake wino hupewa adhabu moja, nayo ni kufutwa. Akishafutwa, nafasi yake inafungwa na jina lake halitamkwi tena.

Jana mchana Inaya alikwenda kuchota, na Jabu, aliyekuwa na njaa, akamwambia, "Dada, mlinzi hali kisimani; niangalizie hapa nikale kidogo nyumbani." Akakubali. Akachota. Kisha Bi Oda, herufi o, ambaye mdomo wake haujui kufumba, akamwita wakapige soga. Hapo ndipo kumbukumbu zilipomchanganya. Aliukumbuka ukili, ule msuko wa kawa, mkononi mwake, lakini ulikuwa wa jana au wa juzi? Alikumbuka wino ukimchuruzika shingoni, akakumbuka kicheko cha Bi Oda. Kufunika hakukukumbuka, wala kutofunika. Kila alipolishika jambo hilo lilimponyoka.

Jabu aliulizwa ana lipi la kusema. Alimtazama dada yake mara moja, akainamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema Inaya kutoka alipokaa.

Sauti ilisikika na baraza zima likaisikia, ila mwenyewe hakuonekana. Mzee Aboi, herufi a, mkubwa wa kijiji, akakodoa macho huku na huku. "Nani kasema?"

Bi Oda akasema ni Wambo, herufi w, kwa kuwa yeye ni mnene na sauti ilikuwa nene. Wambo akaapa kwa mama yake kwamba hajafungua kinywa tangu alfajiri, akamsukumia jirani yake, na jirani akamsukumia aliyefuata. "Ni mimi!" akarudia Inaya, na safari hii watu wakageuka upande usio wake. Mzee mmoja akatoa rai kwamba kwa kuwa aliyesema ni "mimi", na kila aliyepo hapa ni mimi, wafutwe wote. Mwenzake akamuuliza, "Tukishafutwa wote, kifutio atashika nani?"

Mzee Aboi akajishika kichwa. "Jamani, mimi sielewi. Nimeamua kesi kabla nyinyi hamjazaliwa, lakini hii siijui kichwa wala mkia. Basi tumalizane na huyu tuliye naye."

Wakamvuta Jabu katikati. Kifutio kikaletwa, wakaanzia mguuni, na ncha ya ule mguu wake mrefu ikaanza kufifia. Jabu akauma meno. Inaya akaona ndugu yake anaondoka hivihivi mbele ya macho yake, na hofu ya sheria ikamtoka.

Sasa lipo jambo mlijue kuhusu Mstarini. Kule mtu hakuzungumza na wazee akiwa na mzigo kichwani. Ni utovu wa adabu. Ukitaka kusikilizwa, unatua kwanza. Inaya akakishusha kibuyu, akakiweka chini taratibu kisimwagike, kwa kuwa huo ndio wino pekee aliobaki nao. Kisha akafanya lisilofanywa na yeyote. Akasimama.

Hakuwahi kujua kwamba yeye ni mrefu.

"Ni mimi, babu," akasema. "Jabu aliniachia kisima akaenda kula. Nilichota, nikaitwa, nikaenda. Kama nilifunika sikumbuki, ila kawa imekutwa kando na jana kisima nilikishika mimi. Mwacheni mdogo wangu."

Wengine walimtazama usoni, wengine miguuni, wasijue washangae lipi. Mzee Aboi alitaka kumjibu, lakini angejibuje kutoka chini, shingo imepinda, kama mtoto anayeomba embe? Akajikuta anajiinua, mifupa ikilia. Baraza likaguna. Wazee wawili wamesimama... hapana, nimekosea, mzee mmoja na binti mmoja. Hata mimi huchanganyikiwa nikifika hapa.

"Umekosa kisimani," akasema Mzee Aboi, "na umekosa kwa kusimama. Kosa la kwanza limetuletea njaa. La pili limetuonyesha mtu, tena sote tulikuwa tunamtafuta. Sasa nikuadhibu kwa lipi?" Akajikuna kidevu. "Mwacheni Jabu."

Wakamwacha. Ule mguu wakauzidishia wino kidogo kutoka kibuyu cha Inaya, ukarudi.

Kisha mzee akatoa sheria mpya, huku amesimama. Anayeanza habari asimame, ili ijulikane kwamba habari imeanza. Jina likitajwa, liwe la mtu, la mji au la mto, herufi yake ya mbele isimame kwa heshima. Na kwa sababu ya ile harusi, majina ya siku na miezi nayo yasisahauliwe. Wengine wote wakae kama kawaida. "Na wewe Inaya, ukitumwa peke yako kusema 'mimi', usikae tena. Uwe mwanzoni, uwe katikati, uwe mwishoni, utasimama. Na kibuyu utakitua, kama leo."

"Babu," akauliza Inaya, "hiyo ni adhabu au heshima?"

Mzee Aboi akatikisa kichwa. "Hata mimi sijui, mjukuu wangu. Wewe simama tu."

Inaya na Jabu wakaomba wino kwa Waingereza, wakaanza kukijaza kisima kwa vile vibuyu vyao vidogo, wakienda na kurudi, mpaka kijiji kikashiba.

Na tangu siku hiyo herufi za Kiingereza husimama, yaani huandikwa kubwa, panapostahili. "Mimi" yetu ya Kiswahili hukaa zake katikati ya sentensi kwa raha, kwa kuwa humo wamo herufi wanne, lawama wanagawana. Wa Kiingereza yuko peke yake, na anayesema "mimi" peke yake sharti aonekane. Kwa hiyo mkimwona Inaya amesimama wima bila nukta, msidhani mwandishi kasahau. Kibuyu kipo chini, ametua azungumze. Na mkiimba alfabeti sikilizeni vizuri ni nani amekaa pembeni yake mpaka leo. Ni Jabu.