Mkeka wa Mikono Ishirini kwa Kumi

Hapo zamani, zama ambazo kila mtu alitembea na kipimo chake mwilini, palikuwa na mji wa mwambao uliosifika kwa mikeka. Wanawake wa mji huo walisuka ukili, ile mikanda ya miyaa ishonwayo kuwa mikeka, wakampelekea tajiri mmoja aitwaye Shekue, naye akawalipa nguo. Ukili ulipimwa kwa pima, yaani mtu akinyosha mikono yote miwili huku na huku. Na nguo ilipimwa kwa mkono, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ujira ulijulikana na wote: pima mia za ukili kwa shuka moja ya kaniki, mikono minne. Ulikuwa ujira wa haki kabisa, kwa maneno.

Lakini Shekue alikuwa na watumishi wawili. Wa kupokea ukili alikuwa jitu la mtu, akinyosha mikono utadhani anataka kuukumbatia msikiti. Wa kutoa nguo alikuwa mfupi kuliko wanaume wote mjini, na Shekue alimpenda kuliko wanawe. Basi ikawa pima mia za mwanamke zikifika dukani ni themanini, na mikono minne ya nguo ikifika nyumbani ni mitatu.

Miongoni mwa wasusi hao alikuwamo mjane, Bi Zawena, aliyeishi na binti yake Mize. Wawili hao walikuwa na shuka moja tu ya kutokea. Akitoka huyu, yule hujifungia ndani na gunia. Sasa Mize alikuwa amejifungua, mumewe yuko bara, na arobaini yake ilikuwa imetimia. Desturi ilimtaka atoke na mwanawe watu wamwone, mama yake akiwa kando yake. Bi Zawena alikuwa amesuka miezi miwili kwa ajili ya siku hiyo, hata vidole vikamwota sugu. Alipolipwa na kumvisha binti yake ile shuka mpya, ikazunguka kiuno, ikakataa kukutana. Mize akacheka kwanza, kisha akalia.

Bi Zawena akawakusanya wenzake wakaenda kwa Sultani. Sultani huyo alikuwa mtu mwema, ila alichukia ugomvi, na kila Ijumaa alikula pilau kwa Shekue. Mkono mtupu haulambwi, na wa Shekue haukupata kuwa mtupu. Tajiri akaitwa, akaeleza kwa upole kwamba minne iliahidiwa na minne imepimwa, na akauliza kama kuna sheria iliyotaja mkono wa nani. Sultani akakuna ndevu, akahukumu.

"Mkono ni mkono. Sheria haikumtaja mwenyewe. Nendeni mkasuke."

Hapo mlangoni alikuwa ameketi maskini mmoja, jina lake Kiraka, kwa kuwa kanzu yake ilikuwa viraka vitupu, kanzu yenyewe ilikwisha kuhama. Akaangua kicheko. Sultani akamwita mbele, akamwuliza kilichomchekesha, naye akajibu kuwa ni furaha tu ya kufundishwa sheria bure. Watu wakainamisha vichwa kuficha meno. Sultani akaona hapa pana mtu wa kutiwa adabu.

"Siku ya nne nitapata wageni, mjumbe wa mji wa jirani na watu wake kumi na mmoja, na ukumbi wangu hauna mkeka. Niletee mkeka mpya, mikono ishirini kwa kumi. Ukiuleta nitakupa kaniki mikono arobaini. Usipouleta, viboko arobaini."

Watu wakaguna, maana mkeka wa kiasi hicho ni kazi ya mwezi. Kiraka akainama.

"Bwana wangu, mikono hiyo ni ile uliyoihukumu leo?"

"Ni ile ile," akasema Sultani, na wote waliokuwapo wakasikia.

Basi Kiraka akamfuata Bi Zawena hadi kwake, akasimama nje kwa adabu, akamwomba mambo mawili: amsukie mkeka, na siku ya nne aje na mjukuu wake. Bi Zawena akamtazama kama atazamwavyo mtu aliyepigwa na jua. Akamwuliza, wakimpiga yeye viboko arobaini, msusi naye atapigwa vingapi? Kiraka akamwambia, "Usihofu, mama. Vile ni vyangu, sivigawi." Bi Zawena hakuamini sana, lakini aliwaza ile shuka isiyokutana, akaketi akaanza kusuka.

Siku ya nne wageni wakafika, wakakaribishwa ukumbini, wakasimama. Kiraka akaingia na mkeka kwapani kama mtu aendaye kulala kwa jirani, na nyuma yake Bi Zawena, amejitanda ile shuka ya wawili, mtoto mgongoni. Mkeka ukatandikwa katikati ya ukumbi. Ulikuwa mkeka mzuri, wa kumtosha mtu na mkewe, kama wanapendana.

Sultani akauliza hiki ni kitu gani. Kiraka akasema ni mikono ishirini kwa kumi, na kama kuna shaka upimwe. Mtoto akashushwa mgongoni, waziri akamnyosha kijikono, naye mtoto akamshika waziri ndevu asimwachie. Hivyo waziri akapima huku ameinama, na hesabu ikatoka ishirini urefu na kumi upana, haikupungua hata moja.

"Huyu ni mtoto mchanga," akasema Sultani. "Mkono wake si kipimo."

"Bwana wangu," akasema Kiraka, "mkono ni mkono. Sheria haikumtaja mwenyewe."

Mjumbe akajifunika mdomo kwa ncha ya kilemba, kisha kwa heshima akaketi juu ya mkeka, na wenziwe wakaketi, goti juu ya goti, na wanne wakabaki sakafuni. Sultani akasikia aibu ikimpanda masikioni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Naye Kiraka hakumwacha apumue; akaomba kaniki yake ya mikono arobaini ipimwe na lile jitu la Shekue.

"Waleta kwa mkono mfupi, na wapokea kwa mrefu?" akauliza Sultani. "Desturi gani hiyo?"

"Sijui, bwana wangu. Nimejifunza juzi tu. Mwenye chuo ni Shekue."

Shekue, aliyealikwa kuwapokea wageni, akautazama mkeka, ingawa haukuwa na mengi ya kutazama. Ndipo Bi Zawena akasogea mbele, akasema.

"Bwana wetu, mjukuu wangu huyu ana siku arobaini na saba, na mama yake hajatoka nje. Hii niliyovaa ni yetu sote wawili. Mimi sikuja kuomba sadaka. Nataka mikono minne."

Sultani akacheka, kwa kuwa aliuona upumbavu wa hukumu yake. Kisha kicheko kikamkauka. Akaamuru seremala akate fimbo ya mpingo kwa kipimo cha mkono wa Bi Zawena, itundikwe mlango wa soko, na pima iwe fimbo nne. Atakayepokea au kulipa kwa kipimo kingine atalipa mara mbili, na Shekue awatimizie wasusi wote kilichopunguka. Shekue akalia kwamba sasa ataishi vipi. Kiraka akamwambia ataishi kwa mikono minne kama wenziwe.

Fimbo ilipokwisha kukatwa, Sultani akampa askari aipeleke dukani kwa Shekue. Askari hakuondoka. Alipoulizwa ana nini, alitazama chini, penye kanzu yake, na kanzu ilikuwa imeishia magotini. Sultani akamtazama wa pili, na wa tatu, na safu yote hadi mlangoni: magoti matupu. Nguo zao zilitoka ghalani kwake, zimepimwa kwa mkono mfupi vilevile. Alikuwa amewaona kila siku kwa miaka yote tisa ya utawala wake.

Akamgeukia askari yule, mbele ya wageni.

"Anza na ghala langu," akasema.

Ijumaa ile Kiraka alipimiwa kaniki yake kwa fimbo, na Sultani alikula nyumbani kwake. Na asubuhi yake Mize alitoka nje na mwanawe, mama yake kando yake, kila mmoja na shuka yake. Hawakuwa na pa kwenda hasa. Walikwenda hadi sokoni wakarudi, polepole, wote wawili.