Mgahawa wa Uhuru na Chai

Wahenga wetu watukufu, ambao hekima yao ni pana kuliko Ziwa Viktoria, walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kwamba adha ya jambo huijua aliyelipitia. Wangalinena mengi zaidi, lakini yaelekea mmoja wao alikunywa chai ya Mama Kokushubila wa Muleba, akaungua ulimi.

Katika mwaka wa tatu wa Uhuru, mama huyo alikuwa na mgahawa kando ya barabara iendayo Biharamulo. Juu ya mlango aliandikisha kwa rangi ya kijani: UHURU NA CHAI. Chai yake ilitokota kama hasira ya mke mwenza, na kumpa mteja kikombe kisichofuka mvuke aliona ni kumtukana. Hata hivyo, kila basi la Bukoba liliposimama, abiria waliingia mbio, wakapuliza, wakanung'unika, kisha honi ikilia wakatoka mbio wakiacha vikombe vimejaa pomoni. Mwishowe wakawa hawashuki kabisa.

Mama alikata shauri kwamba abiria wana majivuno. Akaongeza tangawizi, hawakuja. Akaongeza maneno makali, wakazidi kutokuja. Mzee Ishengoma, mwenye nyumba, alipoona mabenchi matupu alimwambia kwamba Krismasi ikipita hali ikiwa ile ile, chumba kitakuwa ghala la kahawa yake. Siku hiyo mama alilia, kwani tangu awe mjane, mgahawa ule ndio uliowalisha wanawe.

Sikukuu ilipokaribia, alikwenda Bilele, mjini Bukoba, kumjulia hali dada yake, akarudi na basi la dereva Kashaija. Njiani basi lilikwama kwenye tope, abiria wakasukuma, na dereva akachelewa. Walipofika Muleba, mama na abiria wote walikuwa na kiu isiyo na mfano, hata waliokuwa hawashuki wakashuka. Akaacha mzigo wake kitini, akajifunika kanga hadi kwenye nyusi, akaingia na wenzake ili awapeleleze wenye majivuno.

Wifi yake Theopista, aliyeachiwa mgahawa, alimsukumia kikombe bila kumtazama. Hakikushikika. Mama akapuliza hadi mashavu yakamuuma. Honi ikalia. Akapiga funda moja, ulimi ukababuka.

"Nipozee kidogo, waitu," akaomba kwa neno la heshima la Kihaya.

"Hapa hatupozi chai, mwenyewe hataki," Theopista akajibu. "Asiyeweza moto akanywe maji ziwani."

Honi ya pili ikalia. Abiria wakatimka, naye akatimka nao, akapanda, akaketi, akaanza kumlaani mwenye mgahawa kwa sauti. Basi lilikuwa limekwisha kuvuka mlima ndipo alipokumbuka kwamba mwenye mgahawa ni yeye, na kwamba nyumbani kwake ni Muleba.

Alirudi kwa miguu, mvua ikimnyea na mzigo kichwani, akiwaza. Tangu kesho yake, mara alipolisikia basi likiguna mlimani, alimimina chai vikombeni na kuiacha ipoe mezani. Aliyeitwa na honi kabla ya kushiba alipewa ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akatafune njiani. Abiria wakaambizana. Mkesha wa Krismasi mabenchi hayakutosha; Mzee Ishengoma mwenyewe alikunywa akiwa amesimama chini ya upenu, na habari ya ghala hakuitaja tena. Aliuliza tu hekima ile imetoka wapi. Mama akajibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ilimjia kanisani, wakati wa mahubiri.

Kashaija akakohoa. "Kanisa gani, Mama? Lile la ng'ambo ya mlima, uliposhuka basini ukilia kwamba nimekupitisha kwako?"

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Mama akaweka birika chini.

"Basi, nimeshikwa," akasema. "Niliikimbia chai yangu mwenyewe, ndugu zangu, na laana zote mlizokuwa mkinipa nilijipa kwa kinywa changu. Miaka yote niliipika, lakini sikuwahi kuinywa honi ikilia. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."